Mbiu Iliyochelewa

Mwaka 1930, kwenye shamba moja la kondoo kando ya Ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa kabla ya kutimiza wiki moja. Kondoo majike wenye mimba wakazitupa, kisha nao wakaanza kufa. Ndani ya wiki nne hivi shamba hilo moja lilikuwa limepoteza kondoo wapatao 4,700, wakubwa kwa wadogo, na wachungaji waliowahudumia walikuwa wamelala kwa homa na maumivu ya viungo. Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, wakishirikiana na daktari wa binadamu, Garnham, walipasua mizoga na kukuta maini yamejaa mabaka ya nyama iliyokufa. Damu ya wanyama wagonjwa ilipochujwa kwa vichujio vinavyozuia bakteria, kilichopita bado kiliwaambukiza kondoo wazima. Kwa hiyo kilikuwa kirusi. Ripoti yao ya mwaka 1931 iliupa ugonjwa huo jina tunalolitumia hadi leo: Homa ya Bonde la Ufa.

Wafugaji wa Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa ubaya wake. Ulirudi mwaka 1997 na 1998 pamoja na mvua za El Niño, ukarudi tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, na safari hiyo ukaua zaidi ya watu 250 katika nchi hizo mbili. Lakini kirusi hiki cha Naivasha kina historia nyingine ambayo haijulikani sana huku kwetu. Ndicho kilichowaonyesha wanasayansi, kwa mara ya kwanza iliyo wazi, kwamba mwili una silaha ya haraka dhidi ya virusi. Na miaka zaidi ya 50 baadaye, kirusi hicho hicho kikasaidia kueleza kwa nini silaha hiyo hushindwa kuwaokoa baadhi ya wagonjwa.

Sampuli zake zilifika London, kwenye maabara za Wellcome, ambako G. M. Findlay na F. O. MacCallum walikuwa wakishughulika na homa ya manjano. Kima wa aina ya rhesus akidungwa kirusi cha homa ya manjano, kwa kawaida hufa. Mwaka 1937 wawili hao waliripoti kwamba kima aliyedungwa pia kirusi cha Bonde la Ufa aliweza kunusurika. Hapo ndipo palipokuwa na ajabu, maana virusi hivi viwili havina undugu wowote na kingamwili za kimoja hazikitambui kingine. Tena kingamwili huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na ulinzi huu ulikuja upesi mno. Kwa miaka 20 iliyofuata watu walibahatisha tu: pengine kirusi cha kwanza kinaziba mlango wa seli, pengine kinamaliza riziki ambayo cha pili kingeikuta.

Jibu lilitoka kwenye mayai ya kuku. Mwaka 1956 daktari kijana kutoka Zürich, Jean Lindenmann, alifika kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Mill Hill, kaskazini mwa London. Hapo alikutana na Alick Isaacs, Mskoti aliyekuwa bingwa wa influenza. Katika mazungumzo ya wakati wa chai waligundua kwamba wote wawili walikuwa wanasumbuliwa na swali moja, nao wakaamua kulifanyia kazi pamoja.

Inafaa kulitazama jaribio lao kwa karibu, kwa kuwa lilifanywa kwa vitu vya kawaida kabisa. Walichukua utando laini ulio chini ya ganda la yai lenye kifaranga kinachokua, wakaukata vipande vidogo na kuvitia ndani ya mirija yenye majimaji ya chumvi. Wakaongeza virusi vya influenza vilivyokwisha kuharibiwa kwa joto. Baada ya muda wakavisuuza vipande vile, wakaviweka kwenye majimaji mapya na kuviacha humo kwenye joto la mwili. Kisha wakavitoa vipande, wakabaki na majimaji peke yake. Majimaji hayo, yasiyo na kirusi hai, wakayamimina juu ya vipande vingine vya utando ambavyo havikuwahi kuguswa na kirusi cha aina yoyote. Mwisho wakaleta influenza iliyo hai. Haikuzaliana. Seli ambazo hazikuwahi kumwona adui zilikuwa zimekwisha kujiandaa, kwa sababu ya kitu kilichotolewa na seli nyingine na kubaki majini. Makala zao mbili zilichapishwa mwaka 1957 katika jarida la Royal Society, na kitu hicho wakakiita interferoni.

Haki inadai pia majina mawili ya Kijapani. Mwaka 1954, Yasuichi Nagano na Yasuhiko Kojima wa Tokyo walikuwa wameripoti kitu cha namna hiyo kwenye ngozi ya sungura waliopewa kirusi cha chanjo ya ndui. Waliandika kwa Kifaransa, katika jarida ambalo wataalamu wa virusi wa Uingereza na Marekani hawakulifuatilia sana, na kazi yao ikapita bila kelele.

Tunachokijua leo ni hiki. Kirusi kikiingia ndani ya seli, vihisi vya seli hiyo hutambua kwamba kuna vinasaba vya kigeni ndani ya nyumba. Katika muda wa saa chache seli hutengeneza interferoni na kuimwaga nje. Hiyo ni mbiu ya mgambo: yenyewe haimpigi adui, inawajulisha majirani kwamba kuna jambo. Kila seli inayoisikia huamsha mamia ya jeni zilizokuwa zimelala. Nyingine hukatakata RNA ya kirusi, nyingine husimamisha kiwanda cha protini ambacho kirusi kilitaka kukiteka, nyingine hukinasa kirusi kabla hakijaanza kujinakili. Homa, kuumwa misuli na ule uchovu wa siku za mwanzo za mafua, sehemu kubwa hutokana na interferoni yenyewe. Kingamwili huja baadaye, wiki ikielekea ukingoni, na mpaka zifike, mwili unategemea mbiu hiyo.

Wengi hawakuamini. Interferoni ilipatikana kwa kiasi kidogo mno hata hakuna aliyeweza kuisafisha na kuishika mkononi, na wapo waliosema ni uchafu wa maabara tu. Isaacs alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 45, bado ubishi unaendelea. Katika miaka ya 1970, kiasi kikubwa cha interferoni iliyotumika duniani kwa majaribio ya tiba kilitoka kwa mtu mmoja huko Helsinki, Kari Cantell, aliyeichuja kutoka kwenye seli nyeupe za damu iliyochangwa na raia wa Finland kupitia Msalaba Mwekundu. Alihitaji maelfu ya lita za damu kupata kiasi kidogo cha dawa, na njia yake aliwafundisha wengine bila kuifanya mali yake binafsi. Ninamheshimu sana mtu huyu.

Mambo yalibadilika karibu na mwaka 1980, pale kundi la Charles Weissmann huko Zürich na lile la Tadatsugu Taniguchi huko Japani walipofanikiwa kunakili jeni za interferoni na kuzitia ndani ya bakteria. Sasa dawa ikatengenezwa kwa wingi. Matumaini makubwa wakati huo yalikuwa kwenye saratani, na hayakutimia kama yalivyotangazwa. Mwaka 1986 Marekani iliidhinisha interferoni kwa aina moja adimu ya saratani ya damu. Ilifanya kazi kubwa zaidi kwenye homa ya ini. Kwa zaidi ya miaka 20 wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walidungwa sindano za interferoni kwa miezi mingi, wakivumilia homa, kukonda na hata sonona, mpaka vidonge vipya vilipoanza kuchukua nafasi yake kuanzia mwaka 2013.

Afrika Mashariki iliijua interferoni kwa jina jingine. Mwaka 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa unaua watu na hospitali hazina la kuwapa, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza Kemron. Ilikuwa interferoni alfa ya kiwango kidogo sana, ya kuyeyushwa mdomoni. Watafiti Davy Koech na Arthur Obel walichapisha matokeo yaliyosema kwamba wagonjwa walirudiwa na hamu ya kula, wakaongezeka uzito, na wengine dalili zikatoweka. Rais Daniel arap Moi aliitangaza hadharani. Habari zikavuka bahari hadi Marekani, ambako viongozi wa Waafrika-Wamarekani walidai dawa hiyo ya Mwafrika isipuuzwe. Mtu anayekumbuka miaka ile anajua kwa nini watu waliipokea kwa machozi: kulikuwa na kaya zilizozika watoto watatu mfululizo.

Shirika la Afya Duniani liliitisha majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, na hayakuona faida. Jaribio kubwa la Uganda liligawa zaidi ya wagonjwa 500 katika makundi mawili, moja likipewa interferoni ya mdomoni na jingine kidonge kisicho na dawa ndani, na si wagonjwa wala madaktari waliojua nani anapewa nini. Makundi yote mawili yaliendelea sawasawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Watafiti hao wa Uganda walistahili sifa zaidi ya walizopewa, maana kuwaambia watu waliokata tamaa kwamba dawa yao haifanyi kazi ni kazi ngumu, nao waliifanya kwa ushahidi.

Kosa la Kemron halikuwa la wazo zima. Dozi ilikuwa ndogo mno, hilo kwanza. La pili ni la ndani zaidi: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijulikana kwamba damu ya wagonjwa wa UKIMWI huwa tayari na interferoni nyingi. Mwili ulikuwa unapiga mbiu mwaka hata mwaka, na adui amekwisha kuweka makazi ndani ya jeni za seli. Kumwongezea mgonjwa kama huyo sauti ya mbiu hakukuwa na msaada.

Ni lini basi interferoni huokoa? Hapa kirusi cha Naivasha kinarudi. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa Kemron, John Morrill na wenzake wa jeshi la Marekani waliripoti majaribio ya Homa ya Bonde la Ufa kwa kima wa rhesus, aina ile ile aliyoitumia Findlay. Wote walidungwa kirusi, lakini hatima zao zilitofautiana: wengi hawakuonyesha dalili, wachache walitokwa damu na kufa. Watafiti walipima interferoni katika damu ya kila kima tangu saa za mwanzo. Waliobaki wazima walikuwa wameitoa mapema, ndani ya nusu siku hivi. Waliougua waliichelewesha, na waliokufa walichelewa kuliko wote. Walikuwa nayo, tena kwa wingi, ila ilikuja wakati kirusi kimekwisha kujaa kwenye ini. Katika majaribio mengine kundi hilo liliwapa kima interferoni kutoka nje, kabla ya kirusi au saa chache baada yake, na ikawakinga.

Sababu ya kuchelewa ilifichuliwa zaidi mwaka 2001. Michèle Bouloy wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris na wenzake walichunguza tawi moja la kirusi hiki, lililotokana na sampuli ya mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyeugua kidogo tu. Tawi hilo lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya jeni moja, inayotengeneza protini iitwayo NSs, na panya waliodungwa hawakufa. Ndipo walipolijaribu kwa panya waliozaliwa bila masikio ya interferoni, yaani seli zao haziwezi kuisikia. Hao wakafa. Maana yake ilikuwa wazi: kazi ya NSs ni kuinyamazisha mbiu. Protini hiyo hujipanga kama nyuzi ndani ya kiini cha seli na kuizuia isiwashe jeni ya interferoni. Tawi hilo dhaifu baadaye lilifanywa chanjo ya mifugo huko Afrika Kusini.

Virusi vingine vina mbinu zao. Ebola ina protini mbili za kazi hiyo, moja ikificha RNA ya kirusi isionekane na vihisi, nyingine ikizuia ujumbe wa interferoni usifike kwenye kiini cha seli. Virusi vya influenza na vya korona navyo vina za kwao. Ukiona kirusi kinachoua watu kwa wingi, aghalabu utakuta kimejifunza kunyamazisha mbiu hii kabla ya yote.

Bado palikuwa na swali: kwa nini kirusi kile kile kimlaze mmoja kwenye oksijeni na ndugu yake aliye nyumba moja apige chafya tu? Katika mwaka wa kwanza wa korona, watafiti wa Paris walipima wagonjwa 50 na kukuta kwamba waliozidiwa walikuwa na interferoni hafifu sana katika damu, huku viashiria vya uvimbe vikiwa juu mno. Ni mchanganyiko mbaya, mbiu kimya na mapigano ya ovyo.

Jean-Laurent Casanova, daktari wa watoto anayefanya kazi Paris na New York, alikuwa ameliandama swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 2015 kundi lake lilieleza habari za msichana mdogo wa Ufaransa aliyekaribia kufa kwa influenza ya kawaida kwa sababu jeni yake iitwayo IRF7, iliyo muhimu katika kutengeneza interferoni, ilikuwa na hitilafu katika nakala zote mbili. Mwaka 2020 kundi hilo, pamoja na maabara kutoka nchi nyingi, likaanza kusoma jeni za waliozidiwa na korona. Kati ya wagonjwa 659, 23 walikuwa na hitilafu za kuzaliwa katika njia hiyo hiyo ya interferoni. Ni asilimia 3.5, si haba, lakini haitoshi kueleza vifo vyote.

Ugunduzi wa pili, ulioongozwa na Paul Bastard na kutoka siku moja na huo, ndio uliowashangaza watu. Kati ya wagonjwa 987 waliozidiwa, 101 walikuwa na kingamwili zinazoishambulia interferoni ya mwili wao wenyewe. Kati ya watu 663 walioambukizwa bila kuugua sana, hakuonekana hata mmoja. Na katika wale 101, wanaume walikuwa 95. Sampuli za damu zilizohifadhiwa kabla ya maambukizi zilionyesha, kwa baadhi yao, kwamba kingamwili hizo zilikuwepo tangu zamani. Yaani mtu ameishi miaka mingi akijiona mzima, kumbe mwili wake umekuwa ukimziba mdomo mpiga mbiu, na hakuna aliyejua mpaka kilipokuja kirusi kigeni. Mwaka uliofuata kundi hilo lilipima makumi ya maelfu ya watu ambao hawakuwa wameambukizwa na kukuta kingamwili hizo huongezeka kwa umri, hadi kama asilimia 4 ya watu waliopita miaka 70. Walikadiria kwamba kingamwili hizo zilihusika na karibu kifo kimoja katika kila vitano vya korona. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi kubwa za tiba za karne hii, kwa kuwa imewaondolea wazee wetu maelezo mepesi kwamba walikufa kwa uzee.

Ungedhani basi tiba imepatikana: mgonjwa amekosa interferoni, apewe. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililoitwa Solidarity lilifanya hivyo kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati ya 2,050 waliopewa interferoni beta walikufa 243. Kati ya 2,050 wa kulinganisha nao walikufa 216. Hakukuwa na faida. Jaribio jingine la Marekani lilikuta kwamba wagonjwa waliokuwa tayari kwenye oksijeni nyingi walizidi kudhurika. Waliosoma kazi ya Stanley Perlman na wenzake wa Iowa hawakushangaa sana. Mwaka mmoja kabla ya janga walikuwa wameonyesha, kwa panya wenye kirusi cha korona cha MERS, kwamba interferoni ikitolewa mapema panya hupona, na ikichelewa huchochea uvimbe wa mapafu na kuwaua panya ambao pengine wangeishi.

Jibu la upande wa pili lilitoka Brazil na Kanada mwaka 2023, katika jaribio lililoitwa TOGETHER. Safari hii wagonjwa hawakungojewa walazwe. Walidungwa sindano moja tu ndani ya siku saba tangu dalili zianze, ya interferoni lambda, aina iliyogunduliwa mwaka 2003 ambayo husikilizwa zaidi na seli za njia ya hewa, utumbo na ini, kwa hiyo haiutikisi mwili mzima. Waliohitaji kulazwa au kukaa muda mrefu kwenye chumba cha dharura walikuwa 25 kati ya 931. Kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa walikuwa 57 kati ya 1,018. Nafuu hiyo ya karibu nusu ilionekana hata kwa waliochanjwa, na waliodungwa ndani ya siku tatu za mwanzo walionekana kufaidika zaidi.

Kwa hiyo dawa hii haikushindwa. Tuliipeleka wodini, wakati mahali pake ni kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Na hapo ndipo mzigo unapotuangukia sisi. Homa ya Bonde la Ufa hadi leo haina dawa iliyoidhinishwa kwa binadamu, na hata ingekuwepo ya aina hii, ingefaa tu kwa mgonjwa aliyetambuliwa mapema. Katika zahanati zetu nyingi mwenye homa hupimwa malaria, akikutwa hana hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani. Jina la kirusi chake hujulikana, kama litajulikana, baada ya sampuli kusafiri hadi maabara ya mbali, na siku tatu zimekwisha kupita. Wizara za afya zinazopanga bajeti ya kujikinga na mlipuko ujao ziweke vipimo vya haraka vya virusi kwenye zahanati za maeneo ya wafugaji, Garissa, Baringo, Ngorongoro na Dodoma, kabla ya kununua mashine nyingine ya kupumulia.